Saa Sita Tunageuka

Mlima unakudai mapema. Unaupanda ukiwa na nguvu, unahema, unalalamika, na ukichoka kabisa unageuka, mteremko unakurudisha nyumbani. Korongo halina huruma hiyo. Linakupokea kwa mteremko, asubuhi, umeshiba chai na chapati, unapiga soga na wenzako, na deni lote linabaki nyuma yako likikungoja jioni. Mtu aliyezoea vilima anaweza kuingia korongoni akadhani kazi anaijua. Hajaijua bado. Nguvu alizotumia kufika chini hazimwambii lolote kuhusu nguvu atakazohitaji kutoka.

Mimi ni mtu wa Kisumu, mji uliolala kando ya ziwa, ambako kilima cha karibu ni Riat na wengi wetu tunakipanda ndani ya matatu. Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu: magoti, migongo, mabega yaliyogoma. Wagonjwa wananiita daktari ingawa si daktari, na katika kikundi chetu cha matembezi jina hilo limenifuata, kwa hiyo mtu akiteguka kifundo katikati ya msitu macho yote yananigeukia mimi. Kikundi kilianzishwa na wauguzi na walimu wachache waliochoka kumaliza kila Jumamosi wakila samaki ufukweni Dunga. Baadaye wakaingia wafanyabiashara wa soko la Kibuye, mafundi, na vijana wa chuo ambao hubeba mizigo ya kila mtu kwa hiari yao mpaka inapofika saa nane.

Tumetembea msitu wa Kakamega hadi maporomoko ya Isiukhu, tumesimama Nabuyole karibu na Webuye tukaangalia mto Nzoia ukijitupa kwenye miamba. Hayo ni matembezi ya familia. Tunakorudi kila mara, na ambako nimejifunza karibu kila ninachokijua kuhusu makorongo, ni Mlima Elgon, upande wa Bungoma.

Elgon ni mlima mjanja. Ni volkano iliyozimika zamani, pana kupita kiasi. Kilele chake kirefu, Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda, na unaweza kusimama Kimilili asubuhi usijue kwamba unautazama mlima, kwa sababu unachokiona ni mwinuko wa taratibu tu wenye mahindi chini na mawingu juu. Ukali wake umefichwa ndani. Mito inayoteremka kutoka juu imeuchimba mwinuko huo, na kila mto una korongo lake, lenye kuta ambazo mbuzi mwenyewe anafikiria mara mbili. Unatembea kwenye shamba la vitunguu, ardhi tambarare, mama anapalilia, halafu shamba linaisha na mbele yako kuna hewa.

Korongo tunalolishuka lina poromoko chini yake, na liko juu ya mji wa Kapsokwony. Jina la poromoko silitaji kwa makusudi. Njia yake inapita katikati ya mashamba ya watu, karibu kabisa na jikoni za watu, na wenyewe hawajaomba wageni wa kila Jumapili. Ndiyo maana safari yetu haianzii kwenye njia. Inaanzia kwenye nyumba ya mwenyeji wetu, mfugaji nyuki, ambaye mizinga yake mingine ameitundika ndani ya korongo lenyewe na hushuka huko hata pasipo mgeni. Tunampigia simu siku kadhaa kabla. Anaongea na majirani ambao mashamba yao tutayapita, tunakubaliana cha kuwapa, na tunalipa asubuhi, kabla ya kushuka. Tukilipa jioni tunalipa tukiwa tumechoka, tunaanza kuhesabu sarafu, na heshima inapotea.

Kitu cha kwanza anachofanya mwenyeji wetu ni kuangalia miguu. Hasalimii uso, anasalimia viatu. Kuna dada mmoja alikuja na raba nyeupe, nzuri kweli, soli laini isiyo na meno hata moja. Mwenyeji akazitazama kwa muda, akasema kwa upole, "Dada, wewe utabaki na mama hapa, mnaandaa viazi." Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Dada akabaki, akaandaa viazi, na alasiri alikuwa ndiye mtu pekee miongoni mwetu aliyeweza kupanda ngazi za matatu bila kushika mlango.

Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi, umetokana na majivu na miamba ya volkano. Ukiwa mkavu unashika vizuri. Ukilowa hata kidogo unakuwa na utelezi usiosamehe, na ndani ya korongo haukauki kamwe, kwa kuwa jua linaingia kwa saa chache tu na rasharasha za poromoko zinanyunyiza majani mchana kutwa. Mwenyeji wetu huvaa gambuti. Wageni wakivaa gambuti wasizozizoea wanapata malengelenge kabla ya saa tano, kwa hiyo mimi hushauri kiatu chochote chenye meno ya kina, kilichokwisha kuvaliwa, na kucha zilizokatwa. Watu wanacheka nikitaja kucha. Mtu akishuka mteremko mkali kwa saa nzima, vidole vinasukumwa mbele ya kiatu kila hatua, na ukucha mrefu ndio wa kwanza kulipa. Nimeona kucha nyeusi nyingi kuliko mifupa iliyovunjika.

Kushuka kwenyewe kuna adabu yake. Mahali penye mwinamo mkali mwenyeji anageuka, uso ukielekea ukutani na mgongo bondeni, anashuka kinyumenyume, mikono miwili na mguu mmoja vikiwa vimeshika wakati mguu wa pili unatafuta pa kukanyaga. Vijana wa mjini wanaona haya kushuka hivyo. Wanataka kushuka wakitazama mbele, kifua nje, na wanaishia kushuka kwa makalio. Fimbo nayo inatangulizwa chini kwanza, ikisimama ndipo mguu unafuata. Anayeiburuta nyuma yake amebeba kuni tu.

Halafu kuna swali la kushika nini. Korongo limejaa mimea inayojitolea kukusaidia na haiwezi. Mgomba mwitu ndio mwongo mkubwa kuliko yote. Una shina nene kushinda paja la mtu, umesimama imara, uko pale pale unapouhitaji; lakini ndani ni maji na nyuzi laini, na ukiuegemea kwa uzito wote unakatika au unang'oka na mizizi yake. Matete yanashika lakini yanakata kiganja. Upupu hauhitaji maelezo. Mwenyeji alitufundisha kutafuta miti midogo iliyo hai, kuishika chini kabisa karibu na udongo, na kuivuta kwanza kwa majaribio kabla ya kuikabidhi roho. Tawi lisiguswe, hata likiwa nene, maana tawi lililokufa likiwa limevaa kuvumwani halitofautiani kwa sura na lililo hai.

Tunaposhuka hatufuatani kwa karibu. Jiwe likitoka chini ya mguu wa wa juu, anayelipokea ni wa chini. Kwa hiyo penye mawe yaliyolegea anashuka mmoja, anasogea pembeni, anaita, ndipo mwingine anaanza. Na kuita kwenyewe kuna mwisho wake. Ukikaribia poromoko sauti ya maji inameza kila kitu. Mtu aliye umbali wa kutema mate anafungua mdomo na wewe unaona meno tu. Sasa kila mmoja ana filimbi shingoni. Mlio mmoja, simama. Miwili, njoo. Mitatu, kuna tatizo. Tunafanya mazoezi tukiwa bado shambani, watoto wa kule wakitucheka sana, na wana haki.

Nirudi kwenye magoti, maana hayo ndiyo riziki yangu. Watu huamini kwamba kushuka ni kupumzika kwa sababu pumzi haiishi. Mapafu hayachoki, ni kweli. Misuli ya mapaja ndiyo inayofanya kazi chafu: kila hatua ya kushuka inanyooshwa huku imebeba mwili mzima, na kazi ya namna hiyo huichana kwa vipande vidogo visivyoonekana kuliko kazi ya kupanda. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na keshokutwa, ndiyo maana Jumatatu mwalimu anafundisha amekaa. Lakini dalili ya kwanza inajitokeza pale pale korongoni: ukisimama kupumzika, mapaja yanatetemeka yenyewe. Mmoja wetu, mzee anayeuza vipuri vya pikipiki Kibuye, tunayemwita Jaduong', naye huniita nyara, yaani binti yangu kwa Kiluo, aliniambia, "Nyara, hiyo ni lori kwenye mteremko wa Salgaa. Breki zikishapata moto, dereva anabaki kupiga honi tu." Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote cha taaluma yangu.

Mtu ambaye mapaja yanamtetemeka akiwa bado anashuka hana tena miguu ya kutosha ya kurudi. Anaweza kurudi, lakini atarudi polepole sana, na atawapunguza kasi wote. Hilo ndilo ninaloliangalia sasa kuliko uso, kuliko pumzi, kuliko kauli za "niko sawa, daktari".

Kuhusu poromoko lenyewe nitasema jambo moja tu, ambalo wengi hawalifikirii wanapotandaza leso zao kwa chakula. Poromoko hukaa mahali ambapo mwamba mgumu umelala juu ya tabaka laini. Elgon ina matabaka ya aina hiyo mengi: lava iliyoganda juu, majivu na kokoto zilizoshikamana chini. Maji yanakula lile tabaka laini kutoka nyuma, pango linachimbika, na mwamba wa juu unabaki umening'inia bila nguzo. Ndani ya hifadhi, upande wa Kitale, pango la Makingeny lina maji yanayodondoka mbele ya mdomo wake kabisa. Mwamba ulioning'inia ukichoka, unavunjika. Yale mawe makubwa yaliyolala kwenye kidimbwi, yenye kivuli kizuri na mahali pa kuegemea mgongo, ni vipande vya ukingo uliokuwa juu. Poromoko linarudi nyuma hivyo, karne baada ya karne, na korongo ni alama ya kule lilikopita. Kwa hiyo tunakula mbali, penye nyasi, ambapo miti mikubwa inaonyesha kwamba hakuna kilichoanguka kwa muda mrefu. Mandhari pale si nzuri sana. Mbega wapo, hata hivyo, na hondohondo akipita utamsikia mabawa kabla hujamwona.

Na kuogelea chini ya maji yanayoanguka, hapana. Maji yale meupe yamejaa hewa, hayakubebi vizuri, na mkondo unakuvuta kuelekea pale pale yanapogonga. Vijana wetu wa chuo wananiona mnoko. Sawa.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi ya Agosti, ambayo bado inazungumzwa kikundini na ambayo Jaduong' haijaisha moyoni mwake.

Kikundi chetu kina kanuni moja isiyo na mjadala: saa sita mchana, popote tulipo, tunageuka. Kanuni hii haikutoka kwangu wala kwenye kitabu. Ilitoka kwa mwenyeji, ambaye alituambia tangu mwanzo kwamba yeye hushuka kwenye mizinga alfajiri na saa sita anataka kuwa ameshapanda nusu. Sababu yake ya kwanza ni mvua. Huku kwetu mvua ina ratiba. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani ukibeba unyevu, unapanda Nandi, unapanda Elgon, na ukifika juu unapoa na kugeuka wingu. Kufikia saa nane au tisa wingu limeshaiva. Usiku mambo yanageuka, nchi kavu inapoa, upepo unarudi ziwani na dhoruba inahamia majini. Nusu hiyo ya pili ya habari waulize wavuvi wa Dunga. Agosti Elgon hunyeshewa sana, hata pale ambapo sehemu nyingine za Kenya zinalia ukame.

Siku hiyo tulitoboka tairi Webuye. Tukafika kwa mwenyeji tumechelewa, tukaanza kushuka saa nne imeshapita. Udongo ulikuwa umelowa tangu usiku. Ilipotimia saa sita tulikuwa kwenye ubao mwembamba wa mwamba, robo tatu ya njia, na sauti ya maji ilikuwa imeshatujaa masikioni. Juu ya miti tuliona rasharasha zikipanda, nyeupe, zikishika jua. Mbingu ya buluu. Nikapuliza filimbi mara moja.

Jaduong' hakuamini. Akamgeukia mwenyeji. "Bado dakika ngapi?"

"Ishirini," akasema mwenyeji.

"Dakika ishirini, nyara! Mimi nimetoka kitandani saa tisa usiku."

"Ishirini za kwenda, Jaduong'."

"Na za kurudi zitakuwa ishirini. Au huko njia inarefuka?"

Wengine walikaa kimya, ule ukimya wa watu wanaosubiri kuona nani atashinda ili wawe upande wake. Nilimuuliza mwenyeji mbele ya wote angefanya nini. Alifikiri kidogo. "Mimi peke yangu ningeenda," akasema. "Ninyi mko wengi, na wale wawili wa nyuma miguu inawatetemeka tangu pale kwenye mgomba."

Nami nilikuwa nimewaona. Tukageuka.

Jaduong' alipanda mbele ya wote kwa hasira, jambo lililokuwa zuri kwa mapafu yake na baya kwa mpangilio wetu, maana kupanda tunamtanguliza aliyechoka zaidi. Mchovu akiwa nyuma, wenye nguvu wanafika mapumzikoni, wanakaa, wanakunywa maji, na yeye akifika tu wanasimama; anapanda safari nzima bila kupumzika. Akiwa mbele, mwendo unakuwa wake na kila mtu anapumzika anapopumzika yeye. Nilimwomba Jaduong' arudi nyuma. Alirudi bila neno. Ni mtu mwenye adabu hata akiwa amenuna.

Tulipanda kwa hatua fupi fupi, goti la nyuma likinyooka kabisa kila hatua ili mfupa ubebe uzito na msuli upate nafasi ya kupumua. Kwenye mifuko tulikuwa na sukari guru tuliyonunua njiani, ile ya miwa ya kwetu, nyeusi, yenye ladha ya moshi. Kipande kimoja kinywani kinamsogeza mtu mbali kuliko biskuti za dukani. Mmoja wa wale wawili, mwalimu, alikamatwa na misuli ya pajani mara mbili, tukakaa naye. Njia tuliyoishuka kwa saa moja na nusu ilitukalisha zaidi ya saa tatu.

Mvua ikaja kweli, tukiwa tumeshaketi barazani kwa mwenyeji na vikombe vya chai mikononi. Ikaja kwa manyunyu. Ikanyunyiza uwanja, ikawatia kuku chini ya ghala, ikaacha. Jaduong' alinyosha mkono nje ya paa, akauzungusha, akauangalia. "Hii ndiyo mvua?" Hakuna aliyejibu. Mto haukupanda. Mwenyeji alituambia baadaye kwamba usiku ule nao ulipita salama, na kesho yake alishuka kwenye mizinga akakuta maji ni yale yale.

Kwa hiyo Jaduong' alikuwa na haki. Tungefika. Tungeliona poromoko la Agosti limejaa, tungepiga picha, tungepanda, tungefika barazani saa kumi na moja badala ya saa tisa na nusu, tumechoka zaidi na kulowa kidogo. Nimeipindua siku ile kichwani kila upande na siwezi kumnyang'anya haki hiyo.

Bado ningepuliza filimbi, na sababu yangu ni hii. Korongoni, ushahidi ukifika umechelewa. Ukiwa ndani huoni mlima ulioko juu yako. Unaona ukanda wa mbingu na basi. Mvua inayokuhusu inanyesha mahali usipopaona, kwenye mianzi na nyika za juu, na inakuja kwa njia moja tu, ile uliyosimama. Dalili zipo. Maji yanabadilika rangi, yanabeba majani na vijiti zaidi ya kawaida, sauti inakuwa nzito, wakati mwingine mto unapungua ghafla kwa sababu magogo yameuziba juu na maji yanajikusanya. Mwenyeji alitufundisha zote, na tunazijua kwa moyo. Lakini kila moja ya dalili hizo ni habari kwamba maji yameshaondoka huko yalikokuwa. Katika kaunti ya Nakuru, kwenye korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watalii Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Pale si hata mto wa kudumu. Sehemu kubwa ya mwaka unatembea kwenye mchanga. Kuta ni nyembamba, na maji yakiingia yanapata watu mahali pasipo pa kupandia.

Elgon ina jambo lake la pili, ardhi yenyewe. Machi 2010, upande wa Uganda, mteremko uliolowa kwa mvua nyingi uliporomoka Bududa na kufukia watu wa Nametsi kwa mamia. Ni mlima ule ule, udongo ule ule. Mwenyeji wetu hupita njia akiangalia nyufa kwenye majani na miti iliyoinama juzi, na akiona ufa mpya tunabadilisha njia bila swali.

Kanuni ya saa sita ingekuwa inapimwa kwa jinsi kila siku ilivyoisha, ingekufa siku ile ile ya manyunyu. Siku nyingi za korongoni huisha salama, hata kwa watu wazembe. Ndiyo sababu wazembe wapo wengi. Na siku ambayo haitaisha salama itaanza na mbingu ya buluu na mtu mzima mwenye akili akisema dakika ishirini tu.

Nilimwambia Jaduong' haya yote tukirudi, kati ya Webuye na Kakamega, gizani, wengine wamelala. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini poromoko sikuliona."

Baada ya pale tulibadilisha mambo mawili. Kanuni sasa inasomwa Kisumu, kabla gari halijawashwa, na kila mtu anasema ndiyo kwa mdomo wake. Asiyetaka anarudi kulala, hakuna kinyongo. Kuamua mkiwa kwenye ubao wa mwamba, sauti ya maji ikiwaita, ni kuchelewa kuamua. Na tukahamishia safari kwenye miezi mikavu, Desemba hadi Februari, wakati udongo unashika na mto una adabu.

Jaduong' alikuja Januari. Alikuja na saa ya mkononi aliyoiazima kwa mwanawe, ya rangi ya machungwa, na akajiteua mwenyewe mtunza muda. Tulifika chini mapema mno, saa nne haijatimia. Alisimama mbele ya poromoko akiwa ameshika kiuno. Maji yalikuwa membamba, ya kiangazi, yakigawanyika mara mbili kwenye mwamba kabla ya kufika kidimbwini, na ungeweza kuona pango lote nyuma yake, jeusi, na mbayuwayu wakiingia na kutoka. Mimi nilipenda sana. Kiangazi ndicho kinachokuonyesha jinsi poromoko lilivyojengwa.

"Ni hili tu?" akauliza.

"Ndilo, Jaduong'."

"Lile la Agosti lilikuwa na sauti kubwa kuliko hili."

Alikaa akala yai lake la kuchemsha bila kusema zaidi. Saa tano kamili akapuliza filimbi, saa nzima kabla ya wakati, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Tukiwa tunapanda akanieleza mpango wake. Anataka maji ya Agosti, na anataka kanuni ibaki ilivyo. Hesabu yake ni kwamba tatizo halikuwa saa sita, lilikuwa Kisumu: tukilala Kapsokwony Ijumaa, tunashuka saa kumi na mbili alfajiri, poromoko tunaliona kabla ya saa mbili, na saa sita tunakuwa tumekaa juu tunakula viazi. Ameshaongea na mwenyeji, ambaye ana vyumba viwili vya wageni na jirani ana kimoja. Nilitafuta kasoro kwenye mpango huo mpaka tukafika shambani. Iliyobaki ni moja: mvua ya usiku ikiloweka udongo, tutashuka gizagiza kwenye utelezi. Mwenyeji anasema basi yeye atatangulia peke yake, akirudi ndipo atuambie kama tunashuka au tunakaa kunywa chai. Jaduong' amekubali hata hilo, ingawa ameuliza mara mbili kama chai hiyo imejumuishwa kwenye malipo. Walimu wana masomo ya Jumamosi mpaka muhula uishe, kwa hiyo tumeweka wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa.